Umeme Ukikatika, Wananchi Waambiwe

Umeme unapokatika, mwananchi hupata hasara mbili: giza, na kutojua. Hasara ya kwanza pengine haizuiliki, kwani nguzo huanguka na radi hupiga. Ya pili huzuilika, nayo ndiyo tunayoizungumzia leo.

Tuitazame kata ya Kashaulili, mjini Mpanda. Kwa miaka mingi mji huo, ambao tangu 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ulitumia umeme wa mitambo ya dizeli iliyokuwa papo hapo mjini. Mtambo ukizimika, aliyetaka habari alijua pa kuuliza. Kisha ikajengwa njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora, kupitia Ipole na Inyonga, ili mkoa uunganishwe na Gridi ya Taifa. Hayo ni maendeleo makubwa, nasi tunayapongeza. Lakini kadiri waya unavyorefuka, ndivyo chanzo cha hitilafu kinavyokuwa mbali na macho ya mtumiaji. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu katika Gridi iliziacha sehemu nyingi za nchi gizani kwa mara moja. Mtu wa Kashaulili hawezi kukisia kilichotokea porini Inyonga. Hana budi kuambiwa.

Aambiwe mambo matatu: ni eneo gani lililoathirika, kwa sababu gani, na umeme watarajiwa kurudi saa ngapi. Hapo mwenye mashine ya kusaga ataamua kama awazuie vibarua au awaruhusu. Mchomeleaji atajua ampe mteja ahadi gani. Muuguzi atahamisha chanjo mapema. Saa iliyotajwa ikipita, itajwe nyingine. Kurekebisha makadirio si aibu. Aibu ni kunyamaza.

TANESCO ni shirika la umma, na namba yake 180 hupigwa bila malipo. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, taarifa isiyotoka mpaka iulizwe haijatimia, na ile ya mitandaoni haimfikii asiye na simu janja. Basi ipitishwe pia redioni, kwa wenyeviti wa mitaa na kwa mabalozi wetu wa mashina, ambao hujua kila mlango.

Nasi wanachama tuna wajibu wetu. Tusieneze uvumi, na tukiona nguzo imeanguka tutoe habari mara moja. Shirika ni mali yetu. Mwenye mali hafichwi habari za mali yake.