Kioo kipo, fundi yupo, simu ndiyo inayogoma

Mhariri,

Yeyote aliyewahi kupasua simu jijini Nairobi anaijua Luthuli Avenue. Mafundi wa pale huipuliza simu hewa moto mpaka gundi ilegee, wakabandua kioo kilichopasuka, wakabandika kingine, na mwenyewe akaondoka nayo siku hiyohiyo. Kazi hii imezipa simu nyingi maisha ya pili na kulisha nyumba nyingi. Sasa watengenezaji wa simu wanaibana, na Bunge limenyamaza.

Wanaibana kwa programu. Kipuri hupewa namba kiwandani na simu ikaikariri. Fundi akiweka kingine, hata kiwe halisi, kimetoka kwenye simu ya aina ileile, simu huona namba si yenyewe. iPhone 13 ilipotoka mwaka 2021, kioo kikibadilishwa na fundi wa nje, Face ID ilizimika, ingawa vitambuzi vya uso havikuguswa. Ilibidi fundi aing'oe chipu ndogo kwenye kioo cha zamani na kuichomelea kwenye kipya, akitazama kwa hadubini. Kelele zilipozidi, Apple iliahidi kulimaliza tatizo kwa kusasisha programu. Ikiwa programu ilitosha kulimaliza, kizuizi hicho hakikuwa cha lazima tangu mwanzo.

Watengenezaji husema kufuli hizi huwakatisha tamaa wezi wanaochinja simu ili wauze vipuri. Hoja hiyo ina uzito, hasa Nairobi. Lakini vinavyostahili kufungwa ni vipuri vya simu iliyoripotiwa kuibwa. Mwenye risiti mkononi ana kosa gani?

Kwingine sheria zimeshatungwa. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2024 inayokataza kufunga vipuri kwa namna hii katika vifaa vipya, kuanzia Januari 2025. Colorado imewapa wakulima haki ya kupata vipuri, miongozo na programu za kutengeneza matrekta yao. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, anayeleta sokoni modeli mpya ya simu lazima awe na vipuri muhimu kwa miaka 7 baada ya kuacha kuiuza, na avifikishe ndani ya siku 5 hadi 10 za kazi.

Mnunuzi wa hapa, aliyelipa mdogo mdogo kwa M-Pesa mpaka deni likaisha, hana hata kimoja kati ya hivyo.

Na si kwamba Kenya haina pa kuanzia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili aifaidi bidhaa kikamilifu, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Maelezo ya namna ya kuitengeneza simu yamo humo, kwa usomaji wowote wa haki. Kinachokosekana ni sheria inayotamka wazi kwamba kampuni itoe miongozo, vipuri na programu za kuvisajili kwa fundi yeyote, kwa bei inayoeleweka.

Wabunge wakijadiliana, Mamlaka ya Ushindani, yenye jukumu la kumlinda mtumiaji, ianze na vile vibandiko vinavyotishia kwamba ukifungua, waranti imeisha. Aprili 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilizionya kampuni 6 kuhusu vitisho vya aina hiyo. Barua kama zile zinaweza kuandikwa Nairobi pia, mwaka huu.

Msomaji,
Nairobi