Wapiga gitaa wa Mbeya na Iringa, tyuna ya simu inawaumbua!

Wadau, hili lisemwe. Kuna mpiga gitaa mmoja wa Mbeya, jina kapuni, gitaa lake la bei mbaya, lakini kila shoo nyuzi zinapishana na kinanda. Lawama anabeba nani? Mwimbaji! Mwenzake wa Iringa naye ni yale yale.

Tatizo ni tyuna ya kwenye simu. Chumbani iko poa, tena bure. Ila inasikiliza kwa maiki ya simu, spika zikianza kuunguruma inachanganyikiwa. Na baridi yetu ya Juni na Julai ndiyo kabisa: gitaa likitoka ndani kwenda uwanjani, nyuzi zinabadilika sauti, inabidi urekebishe papo hapo.

Dawa ni tyuna ndogo ya kubana kwenye kichwa cha gitaa. Inasoma mtetemo wa mbao, kelele haziisumbui. Ya kukanyaga kwa mguu ni nzuri, ila bei yake imesimama. Kama unaanza, iache kwanza.

Kabla hujalipa, iwashe dukani. Hakikisha imewekwa 440, kisha piga nyuzi zote sita, hasa ule mnene wa E. Mshale ukirukaruka, mrudishie mwenyewe.

Mashabiki tunalipa kiingilio, bana. Au nasema uongo?