Mali Bila Daftari



Mwezi huu tuzungumze juu ya uwakili. Wengi wetu tukisikia neno hilo kanisani hufikiria sadaka na fungu la kumi tu. Lakini yule wakili wa Luka 16 hakuulizwa ametoa sadaka kiasi gani. Aliitwa atoe hesabu ya mali yote aliyokabidhiwa. Nasi tumekabidhiwa watoto, chakula, fedha za nyumba, na tena imani ya wenzetu.

Hapa kwetu Singida mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, nasi huvuna mara moja kwa mwaka. Mtama, uwele, mahindi na alizeti hutoka shambani karibu wakati mmoja, na wanunuzi nao hufika wakati huo huo, bei ikiwa chini. Ndiyo maana mwezi Juni nyumba nyingi huonekana tajiri, na ikifika Januari baadhi yetu tunanunua kwa bei ya juu nafaka ile ile tuliyoiuza.

Hebu tufanye hesabu. Nyumba ya watu saba ikitumia debe moja kwa siku tano, kwa mwezi ni debe sita, yaani kama gunia moja. Hadi mavuno mengine yanatakiwa magunia 12. Tuseme yaliingia 12. Baba akauza matatu bila kusema. Mama naye akawa anapunguza debe moja moja bila kusema, hadi yakatimia magunia mawili. Yamebaki saba. Kuanzia Juni, chakula hicho kitakwisha mwishoni mwa Desemba, palizi ikiwa mlangoni na mwili ukihitaji nguvu kuliko wakati wote. Hapo lawama zitaanza. Baba atasema mama mharibifu, mama atasema baba mlevi. Kumbe hakuna aliyeiba. Kilichokosekana ni kuambizana. Na wanaolipa deni hilo ni watoto.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yusufu kule Misri hakungoja njaa ndipo ahesabu. Katika Mwanzo 41 alishauri sehemu ya tano itengwe miaka ya shibe, ghala zingali zimejaa.

Sasa tutoke nyumbani twende kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Mnalijua lile sanduku la kikundi: lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Halifunguliwi ila mbele ya wanachama, na fedha huhesabiwa wote wakiona. Je, maana yake ni kwamba hatuaminiani? Hapana, mama mwenzangu. Soma 2 Wafalme 12. Fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana ziliwekwa katika kasha, na zilipojaa zilihesabiwa na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8, hakutaka kuchukua mchango wa makanisa peke yake, asije akalaumiwa na mtu. Kama Paulo alitaka mashahidi, mimi na wewe ni nani?

Kufuli humlinda pia mtunza hazina. Mtoto akiugua usiku na fedha za kikundi ziko chini ya godoro, neno "nitarudisha kesho" huja upesi sana. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi hutakiwa kusajiliwa. Basi ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu kama bado hamjafanya hivyo.

Tuanze na mambo haya manne:

1. Siku ya kuingiza mavuno, baba na mama wahesabu magunia pamoja. Waandike idadi na tarehe.

2. Kwanza watenge mbegu, chakula cha mwaka na sehemu ya Bwana. Kinachobaki ndicho cha kuuza.

3. Kila kinachotoka ghalani kiandikwe, hata debe la harusi ya ndugu. Mama asiyejua kuandika amtumie mtoto wa shule. Naye mtoto atajifunza.

4. Mara moja kwa wiki mketi wawili na daftari. Mama aanze kusema alichotumia yeye, ndipo amwulize baba kwa upole. Anayeanza kwa kudai hesabu ya mwenzake huanzisha ugomvi.

Aliye mwaminifu katika debe moja ataaminiwa na sanduku la kikundi. Je, dada yangu, Bwana wako akiita hesabu jioni hii, daftari lako liko wapi?

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.