MWILI WA BINTI SI UBAO WA MATANGAZO



Chukueni mfano wa binti wa kidato cha pili, mwanafunzi wa bweni. Amekonda, na hedhi yake imekoma miezi minne. Matroni anamnong'oneza mwalimu wa zamu, na kabla jua halijatua bweni zima linajua kwamba binti ana mimba. Anapelekwa kupimwa huku wenzake wakitazama. Mimba haionekani. Je, uvumi umekwisha? La hasha! Kwa kuwa anazidi kukonda, sasa yanasemwa ya UKIMWI. Katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyemwuliza: mwanangu, unakula?

Upo ugonjwa wa kujinyima chakula, ambao madaktari huuita anoreksia. Upo na ndugu yake, bulimia, ambapo mgonjwa hula kupita kiasi kisha hujitapisha au hunywa dawa za kuharisha. Mara nyingi huanza katika miaka ya ujana, na wavulana nao huupata. Wapo wanaotuambia kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa jikoni mwa bweni wakahesabu sahani zinazorudi zikiwa hazijaguswa.

Mwili usiolishwa hubana matumizi kama nyumba iliyofilisika. Hedhi hukoma, moyo hupiga polepole, shinikizo la damu hushuka, mgonjwa huhisi baridi hata mchana wa jua kali, na vinywele laini viitwavyo malaika huota mgongoni na mikononi. Mifupa, ambayo hujengwa kwa wingi katika umri huo, hudhoofika, na hasara hiyo huenda isirudishwe yote. Anayejitapisha huliwa meno na asidi ya tumbo, mashavu humvimba, na potasiamu katika damu hupungua hata moyo waweza kusimama ghafla. Huyu pengine hakukonda hata kidogo, nasi tunamwona mzima. Tena, aliyekaa siku nyingi bila kula asishindiliwe vyakula kwa siku moja, hata kwa nia njema. Madini ya damu, hasa fosfeti, huweza kuporomoka akafa. Huyo ni wa kupelekwa hospitali.

Basi ugonjwa huu huishi mafichoni, nasi kwa ndimi zetu twazidi kuusukuma huko. Binti aliyemwona mwenzake akitangazwa atavaa nguo pana, atamwaga uji nyuma ya bweni, na akiulizwa atakana. Anayemtangaza mgonjwa mmoja amewafunga midomo wengine wasiojulikana idadi.

Wala tusidhani kuwa hili ni jambo la adabu tu. Kwa miaka mingi nchini Tanzania wasichana walilazimishwa kupimwa mimba shuleni, na waliokutwa nayo walifukuzwa. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanaokatiza masomo kwa sababu hiyo waweza kurudi darasani. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba kupimwa huko kwa lazima na kufukuzwa kulivunja haki za watoto. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, katika ibara ya 10, humlinda mtoto katika faragha yake. Ni haki, si hisani ya mwalimu mkuu.

Atainuka mzazi aseme: je, mtoto wangu awe na siri nami nisijue? Ndugu mzazi, hatukufungii mlango. Kijana mwenye anoreksia huponywa vema zaidi wazazi wanaposhika wenyewe kazi ya kumlisha, wakiongozwa na wataalamu; na maisha yakiwa hatarini daktari hana budi kukuambia. Lakini wewe kujua ni jambo moja. Shangazi, jirani, kwaya na foleni ya zahanati kujua ni jambo jingine kabisa.

Hata nyumbani mwetu tunalo la kujisahihisha. Wakati wa Kwaresima tumewasifu mbele ya watu wasichana waliofunga kuliko watu wazima, wala hatukujiuliza wanaficha nini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1252, haimpi mtu amri ya kufunga mpaka atimize miaka 18. Nani basi aliyetutuma kumtwika mtoto wa miaka 14 mzigo ambao Kanisa lenyewe halikumtwika?

Tunadai, kwa hiyo, kwamba katika shule na zahanati zetu binti asikilizwe chumbani, mlango ukiwa umefungwa, naye awe na mtu mzima anayemwamini. Daftari la wagonjwa lisiachwe wazi mezani. Na matroni afundishwe dalili tulizozitaja. Nanyi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mnapomwombea mgonjwa wa namna hii, semeni "mgonjwa wetu", bila jina na bila kutaja anaumwa nini.