Soma Hati Kabla ya Kusoma Maoni



Uliza leo mjini Kampala ni lini Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi nchini Uganda, na wengi watakujibu kuwa ni mwaka 2022. Wana sababu ya kusema hivyo. Julai mwaka huo Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na habari hiyo ikaenea kote. Lakini fungua Katiba yenyewe, Ibara ya 6. Utakuta kwamba marekebisho ya mwaka 2005 yalikwisha kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, baada ya Kiingereza. Utakuta pia sharti lisilotajwa sana mitaani: kitatumika katika mambo yatakayoainishwa na Bunge kwa sheria. Kwa sentensi moja tu umejua kwamba hadhi ilikuwapo tangu zamani, na umejua ni nani wa kuulizwa kuhusu utekelezaji wake.

Hoja yangu basi ni hii: raia asiyesoma hati huongozwa na anayemsimulia. Naita hati asilia maandishi yaliyotungwa na wahusika wenyewe wakati tukio lilipotokea: mkataba, barua, sheria, kumbukumbu za mkutano. Kitabu cha historia hukueleza yaliyomo ndani ya hati. Hati hukuonyesha pia kile ambacho msimulizi alikiacha.

Wamarekani wametutangulia katika jambo hili. Ukiwa Kampala na simu yako mkononi, unaweza kuiona rasimu ya Azimio la Uhuru la mwaka 1776 kwa mwandiko wa Thomas Jefferson, iliyohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Humo mna aya iliyolaani biashara ya watumwa, ambayo wajumbe waliifuta kabla ya kulipitisha azimio. Anayesoma azimio lililopitishwa tu husifu maneno yake kuhusu usawa wa binadamu. Anayesoma na rasimu huuliza kwa nini aya ile iliondolewa.

Sasa turudi nyumbani. Mkataba wa Buganda ulitiwa saini Mengo tarehe 10 Machi 1900. Kwa upande wa Uingereza alikuwapo Harry Johnston. Kwa upande wa Buganda walikuwapo walezi wa ufalme, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, kwa kuwa Kabaka Daudi Chwa hakuwa ametimiza miaka minne. Maandishi ya mkataba huo yanapatikana mtandaoni. Yasome taratibu. Maili za mraba 8,000 zilitengewa machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000, na maili za mraba 9,000 zikawekwa chini ya serikali ya Uingereza. Kila nyumba ilitozwa kodi ya rupia 3 kwa mwaka. Katika orodha ya mgawanyo wa ardhi, mkulima wa kawaida hakutengewa fungu lake. Hapo ndipo ilipozaliwa ardhi ya mailo, neno lililo ndugu wa neno letu maili, na hapo pana mzizi wa migogoro ya wenye ardhi na wenye vibanja ambayo hadi leo hupeleka familia mahakamani.

Wewe uliye mwanafunzi wa lugha, usiufunge mkataba huo kabla hujafika mwisho. Umeandikwa kwa Kiingereza na Kiluganda, kisha ukaeleza kwamba katika kuufasiri, maandishi ya Kiingereza ndiyo yatakayozifunga pande zote mbili. Lugha ya mtawala ndiyo iliyopewa neno la mwisho. Ukiulizwa tena kwa nini lugha rasmi ni jambo la haki za raia, jibu lako ni hilo.

Atasema mtu kwamba hati nazo hudanganya, kwa kuwa huandikwa na wenye nguvu. Ni kweli. Ndiyo maana hati haiaminiwi kwa kuwa ni kongwe tu, huhojiwa. Ukiipata mtandaoni, iulize maswali manne. Nani aliiandika, na alitaka nini? Nani anaihifadhi leo, na je, ameiweka nzima au kipande tu? Iliandikwa kwa lugha gani kwanza? Nani aliguswa nayo bila kupewa nafasi ya kusema?

Swali la pili litakuumiza kidogo. Nyaraka nyingi kuhusu Uganda ni rahisi kuzipata katika hazina za wengine kuliko katika yetu. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imechapisha mtandaoni taarifa za mabalozi wake, zikiwamo za enzi za Idi Amin. Nasi tuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa hapa Wandegeya, na sheria zetu nyingi zinasomeka katika tovuti ya ULII. Huo ni mwanzo mwema, lakini mwanafunzi wa Gulu au Kabale hapaswi kupanda basi hadi Kampala ili asome historia yake. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile zinazohatarisha usalama wa nchi au faragha ya mtu. Kuweka nyaraka zetu mtandaoni ni njia mojawapo ya kuitimiza haki hiyo, na ni wajibu wetu kuidai.

Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Wiki hii tafuta Ibara ya 6, uisome mwenyewe, kisha uitafsiri kwa Kiswahili chako. Kisha msomee mtu mmoja nyumbani, umuulize kama alijua.