Mwongozo wa Ukutani Haumlindi Anayeosha Vyombo

Kila inapotajwa maabara ya mbali, iwe kituo cha utafiti cha milimani au chumba cha vipimo cha zahanati ya kambini, jibu la wakubwa kuhusu usalama ni moja: mwongozo upo. Kweli upo. Umechapwa kwa Kiingereza, ukurasa wa kwanza umebandikwa ukutani na zilizobaki zimefungiwa kabatini. Mimi nasema mwongozo wa namna hiyo unamlinda aliyeutia saini siku ya ukaguzi. Anayeosha vyombo haumjui.

Shirika la Afya Duniani limetoa kitabu chake cha usalama wa maabara mara nne: 1983, 1993, 2004 na 2020. Toleo la nne linataka kila maabara ipime kwanza hatari zake yenyewe, kisha ichague kinga zinazofaa kazi yake na mahali pake. Yaani kitabu chenyewe kinatukataza kunakili, nasi tunakinakili!

Nikisema mahali, sisemi mandhari. Chukueni Lwiro, kule Kivu Kusini, kituo cha utafiti kilichojengwa na Wabelgiji, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayangoji 100. Sasa mtu anatia taka za maabara katika sufuria la mvuke, anatazama mshale wa shinikizo kama kitabu kilichoandikiwa watu wa pwani kinavyomwelekeza, anahesabu dakika zake, anazima. Mshale ule hupima tofauti kati ya ndani na nje, na hewa ya nje huko juu ni nyepesi. Kwa hiyo ndani hapajafika nyuzi 121 zinazotakiwa. Taka zinatoka za moto na zimelowa, kila mtu anaamini ni salama, na mama wa usafi anazibeba kwa mikono miwili. Sentensi moja tu ingetosha: soma kipimajoto, usiamini mshale. Hata sisi wa Lilongwe na Dzaleka tuko juu ya mita 1,000, jambo hili linatuhusu.

Au chukueni Kivu Kaskazini. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 uliua watu zaidi ya 2,200 kabla haujatangazwa kwisha Juni 2020, na sampuli zilipimwa karibu na wagonjwa, Beni na Butembo, kwa mashine ndogo za GeneXpert. Kila mtu wa Kivu alijifunza wakati ule kwamba klorini ni rafiki: mikono klorini, viatu klorini, sakafu klorini. Lakini dawa inayotumika kuua kirusi ndani ya sampuli kabla ya kuiweka mashineni ina guanidini thiosianati. Dawa hiyo ikikutana na klorini hutoa gesi yenye sumu kali. Basi mfanyakazi mwenye bidii, anayefuata amri ya "mwagia klorini kila kitu", anaweza kujiua kwa utii wake. Amri isiyotoa sababu ni hatari kuliko kukosa amri, kwa sababu mtu hawezi kujua inapoishia.

Na umeme? Januari 2022 Kimbunga Ana kiliharibu kituo cha Kapichira, na Malawi ikapoteza megawati 130 hivi kwa mkupuo. Kabati la usalama la maabara ni feni na chujio. Feni ikisimama, pazia la hewa kati ya uso wako na chupa halipo tena. Miongozo mingi inaeleza kurasa kwa kurasa jinsi ya kuliwasha. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, ukurasa wa kwanza ungeeleza la kufanya likizimika ukiwa na chupa wazi mkononi: funga chupa, toa mikono polepole, teremsha kioo, toka, zuia wengine wasiingie.

Sindano nayo. "Ripoti kwa kitengo cha afya kazini," unasema mwongozo. Kitengo gani? Dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Mahali pa mbali mwongozo ungetaja hospitali kwa jina, pikipiki ya nani, nauli kutoka mfuko gani, na nani anapigiwa simu saa nane ya usiku.

Najua pingamizi linalokuja, nimelisikia hata darasani: Kiswahili hakina maneno ya maabara. Nimeandika hapa shinikizo, chujio, kipimajoto na sumu; nani hajaelewa? Ila tusijidanganye pia. Hapa Malawi mlinzi wa lango na mfanyakazi wa usafi mara nyingi ni watu wa Chichewa. Mwongozo wa Kiswahili peke yake Dzaleka ungekuwa kosa lilelile kwa mavazi mengine. Lugha ni ya yule anayeshika ndoo, basi.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu elfu kumi na kitu, leo tumepita 50,000, na miongoni mwetu wamo wauguzi na watu wa maabara waliofunzwa Kongo na Burundi. Sheria za ukimbizi zinawabana wasitoke kwenda kufanya kazi walizosomea. Wamekaa. Watu hawa wamefanya kazi bila umeme, bila maji ya bomba, barabara zimefungwa. Anapotafutwa wa kuandika mwongozo wa maabara za mbali, anaitwa mtaalamu asiyewahi kuchota maji ya maabara kwa ndoo.

Waheshimiwa wahadhiri, muhula huu mnaweza kutupa kazi badala ya insha nyingine: kwenda wawili wawili katika vyumba vya vipimo vilivyo jirani, kwa idhini ya wenyewe, kukaa siku nzima na anayeosha, anayechoma taka na anayebeba sampuli kwa baiskeli, na kuandika wanachofanya, neno kwa neno, kwa lugha yao. Kisha tuwaite wale wauguzi waliokaa, tuwalipe hata nauli, waipitie rasimu kabla ya profesa yeyote kuigusa.