Kabla Ulie Bonasi ya Kogo, Uliza Kuhusu Doh ya NEMA

Kama kwenu ni Litein, Kapkatet ama Mogogosiek, unajua vile bonasi ikitoka kila msee anakuwa mhasibu. Tunapiga hesabu ya kuni, stima, mishahara na madeni. Lakini kuna gharama moja haitajwi sana: ada za NEMA.

Iko hivi. Kiwanda cha chai kikiosha mashine, maji yanatoka kahawia. Kanuni za maji zinasema ukitaka kuyaachilia mtoni, uwe na leseni, na inalipiwa kila mwaka. Kulipa pekee haitoshi. Uchafu unaokula oksijeni ya maji, ile kitu wataalamu wanaita BOD, usipite miligramu 30 kwa lita.

Ukijenga, kuna ada ya tathmini ya mazingira. Ilianza kwa asilimia 0.1 ya gharama ya mradi, so mradi wa milioni 50 ulitoa ngiri 50. 2017 serikali ikaifuta ili kuvutia wawekezaji, baadaye ikarudi. Umeona? Hizi bei si amri ya Mungu. Waziri ndiye huzichapisha kwenye gazeti rasmi, na sheria ya 2013 inataka wananchi waulizwe kwanza. Bunge pia linaweza kuzitupa.

Mbona ujali? Viwanda vya KTDA ni vya wakulima wenye hisa. Kiwanda kikilipa, anayelipa ni kogo wako. Sheria ya mazingira ya 1999 inasema anayechafua ndiye alipe, na hiyo ni haki. Shida ni kwamba hapa mwenye kiwanda na mwenye kuteka maji mtoni ni mtu mmoja. Kipsonoi inaingia Sondu hadi Ziwa Victoria, Nyangores inaingia Mara. Ukikwepa leseni, hujaokoa bonasi. Umehamishia bili kwa mtungi wa nyumbani.

Kinachouma ni kulipa bila kuona kazi. So mkutano wa wenye hisa ukifika, mwambie kogo aulize maswali matatu: tulilipa ngapi, leseni inaisha lini, na maji yalipimwa lini mara ya mwisho? Malipo ya serikali siku hizi yanapitia eCitizen, paybill 222222, kwa hivyo risiti lazima iko.

Na afisa akiitisha chai kando, mkumbushe chai yetu inauzwa kwa kilo.